Kipimo cha damu cha tezi dume: hatua kwa hatua, kuanzia kujiandaa hadi kusoma majibu

Mzee alisimama pembeni ya dirisha la maabara akasubiri foleni yote iishe. Waliomkuta walihudumiwa wakaondoka, yeye bado yupo, kofia mkononi. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, kisha akainama mpaka uso wake ukakaribia kioo. "Mwanangu, mna kile kipimo cha… cha wazee?" Nikamwambia tunacho. "Kile cha kidole?" Hapana baba, hiki ni cha damu, unatoa mkono tu. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Kazi yangu ni kutoa damu na kuipima, na sura ile nimeiona mara nyingi. Wanaume wanakuja kwa kificho, wanapima bila kujiandaa, wanapokea karatasi yenye namba moja, kisha wanaondoka nayo bila mtu wa kuwaeleza. Mmoja anaona herufi H pembeni ya namba, anarudi nyumbani kuandika wosia. Mwingine anaona namba iko chini ya 4, anasahau habari hiyo miaka kumi. Naandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya wake na watoto ambao mara nyingi ndio wanaowasukuma waje.

Hatua ya 1: Elewa kinachopimwa

Tuanze na jina. Mtaani utasikia "fulani ana tezi dume" kana kwamba ni ugonjwa. Kila mwanamume anayo tezi dume tangu kuzaliwa. Kenya wengine huiita tezi kibofu. Iko chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kwa kijana ina ukubwa wa ndimu ndogo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa.

Ndani ya majimaji hayo kuna protini inayoitwa PSA, ambayo huzifanya shahawa ziwe nyepesi. Inatakiwa kubaki huko huko, lakini kiasi kidogo huvuja na kuingia kwenye damu, na hicho ndicho tunachokipima. Tezi ikisumbuliwa na jambo lolote, kinachovuja huongezeka. Inaweza kuwa imekua tu kwa sababu ya umri. Inaweza kuwa na maambukizi. Inaweza kuwa na saratani. Damu inatuambia tezi imesumbuliwa. Kilichoisumbua inabidi tukitafute kwa njia nyingine. Ukilishika hili moja, mengine yote katika mwongozo huu yatakaa mahali pake.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawaelezwi. Kukua kwa tezi kwa sababu ya umri hutokea sehemu ya katikati, karibu na mrija, ndiyo maana mkojo unabana, unakatikakatika, na unaamka usiku mara tatu nne. Saratani kwa kawaida huanzia sehemu ya nje, mbali na mrija. Inaweza kukaa pale miaka bila mkojo kubadilika hata kidogo. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi nakojoa vizuri, sina haja ya kupima" anatumia dalili za ugonjwa mmoja kujihakikishia kwamba hana mwingine. Na anayehangaika na mkojo asikimbilie kuhitimisha kwamba ni saratani, maana mara nyingi sivyo.

Hatua ya 2: Amua kama wakati wako umefika

Umri ndio jambo la kwanza. Chini ya miaka 40 saratani hii ni nadra mno na hakuna sababu ya kupima mtu asiye na tatizo. Miongozo ya madaktari wa njia ya mkojo wa Ulaya inataja miaka 50 kwa mwanamume wa kawaida, na 45 kwa mwenye asili ya Afrika au mwenye saratani hii katika ukoo. Wenzao wa Marekani wanamruhusu mtu mweusi kuanza mapema zaidi, kati ya 40 na 45. Sababu ni kwamba kwetu ugonjwa huu ni mwingi zaidi na mara nyingi ni mkali zaidi: huko Uingereza, mwanamume mweusi 1 kati ya 4 huugua saratani ya tezi dume katika maisha yake, wakati kwa wanaume wote kwa jumla ni 1 kati ya 8. Tanzania, Kenya na Uganda ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume. Mimi nikiulizwa na kaka yangu ningemwambia 45, na kama baba yetu aliugua, 40.

Hapo kwenye ukoo usiishie kwa baba. Baba au kaka mmoja mwenye saratani hii anaongeza hatari yako takriban mara mbili. Lakini uliza pia upande wa mama na shangazi: saratani ya matiti au ya mfuko wa mayai kwa wanawake wa ukoo inaweza kutokana na hitilafu katika jeni moja, BRCA2, ambayo kwa mwanamume huongeza hatari ya saratani kali ya tezi dume. Na "babu alikufa kwa mgongo" ni habari ya kuchimbua, kwa sababu saratani hii ikisambaa hupenda mifupa ya uti wa mgongo na nyonga.

Zaidi ya miaka 70, au ukiwa na ugonjwa mwingine mzito, zungumza na daktari kabla ya kuja kwangu. Saratani nyingi za uzeeni hukua polepole kiasi kwamba mtu hufariki kwa jambo jingine, na kuitafuta kunaweza kumletea mateso ambayo asingeyapata.

Nataka kuwa mkweli kuhusu faida pia. Utafiti mkubwa uliofanyika Ulaya ulifuatilia wanaume kwa miaka 23, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2025: vifo vya saratani hii kwa walioitwa kupima PSA vilipungua kwa asilimia 13 kuliko kwa wasioitwa. Kwa hesabu nyingine, iliwabidi waitwe wanaume 456 ili kifo kimoja kizuiwe. Upande wa pili wa mizani kuna wanaume waliogunduliwa saratani ambazo zisingewasumbua kamwe, wakafanyiwa upasuaji au mionzi, na baadhi yao wakabaki wakivujisha mkojo au wakipoteza nguvu za kiume. Ndiyo maana jopo la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa magonjwa liliwahi kusema mwaka 2012 kipimo hiki kisitumike kwa watu wasio na dalili, kisha mwaka 2018 likalegeza: wenye miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe baada ya kuelezwa. Karibu wote waliofanyiwa tafiti hizi ni Wazungu. Kwetu, ambako wengi hufika hospitali ugonjwa umeshafika kwenye mifupa, naona mizani inaelemea upande wa kupima. Lakini pima ukijua unaingia wapi.

Hatua ya 3: Jiandae wiki kadhaa kabla

Hapa ndipo namba nyingi huharibika, na ni sehemu ambayo mgonjwa mwenyewe ana uwezo nayo.

Kama umetibiwa UTI, au ulikuwa na homa na maumivu ya kukojoa, subiri wiki 6 baada ya kupona. Maambukizi yanaweza kupandisha PSA mara kadhaa, na hushuka taratibu. Kama uliwekewa mpira wa mkojo au ulichukuliwa kinyama (kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi) kwenye tezi, hesabu wiki 6 hizo hizo. Nimewahi kupokea sampuli ya mtu aliyetolewa mpira siku mbili kabla. Namba ilitisha ukoo mzima na haikuwa na maana yoyote.

Siku mbili kabla, usishiriki tendo la ndoa wala kutoa shahawa kwa njia yoyote. Na vijana mnaomleta mzee, msione aibu kumweleza hili, mwambieni tu, "Baba, siku mbili upumzike." Siku mbili hizo hizo weka baiskeli pembeni na uache mazoezi mazito.

Daktari akitaka kukupima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, omba damu itolewe kwanza. Kidole hakiipandishi PSA sana, lakini kwa nini tuache shaka wakati kupanga ni rahisi?

Sasa dawa. Andika majina yote ya dawa unazomeza uje nayo, au beba makasha yenyewe kwenye mfuko. Kuna mbili ambazo lazima tuzijue: finasteride na dutasteride. Hizi hupewa watu wenye tezi kubwa, na nyingine huuzwa kwa ajili ya upara. Baada ya miezi 6 hadi 12 hushusha PSA kwa nusu hivi. Anayezitumia akipata 3, namba yake halisi ni kama 6, na karatasi yetu itamwambia yuko salama. Usiziache ili upime. Endelea nazo, ila hakikisha daktari anajua, ili azidishe namba mara mbili. Tamsulosin, ambayo ndiyo wazee wengi wanaijua, haibadilishi PSA.

Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini (aina ya vitamini) nyingi vinaweza kudanganya baadhi ya mashine na kutoa namba ndogo kuliko ilivyo. Viache siku tatu kabla.

Na dawa za mitishamba? Gome la mti ambao Wakikuyu huuita mũiri, unaoota Mlima Kenya, Kilimanjaro na milima mingine ya Afrika, limekuwa likisafirishwa Ulaya miaka mingi kutengeneza vidonge vya tezi iliyokua. Sidharau elimu hiyo. Watu wengine mkojo wao hupata nafuu. Ila hakuna ushahidi kwamba linatibu saratani, na hatari yake ni hiyo nafuu yenyewe: mkojo unatoka vizuri, mtu anaona amepona, na kilichoko upande wa nje wa tezi kinaendelea. Usikatae kupima kwa sababu ya dawa unayoinywa, na usinifiche.

Kula kama kawaida. Kipimo hiki hakihitaji kufunga, wala hakina saa maalumu. Kunywa chai yako uje.

Hatua ya 4: Siku ya kutoa damu

Kabla hujalipia, uliza swali moja dirishani: "Nitapata namba, au mtaniambia ipo au haipo?" Sehemu nyingine hutumia kipimo cha haraka, kile cha plastiki chenye mistari kama cha mimba. Kinakuambia tu kama umevuka 4 au la. Mtu mwenye 3.9 na mwenye 0.6 wanapata jibu moja, na mwenye 4.2 na mwenye 80 wanapata jibu moja. Ukiweza, nenda panapopimwa kwa mashine. Kipimo cha haraka kikikuonyesha uko juu, kichukulie kuwa ni sababu ya kwenda kupata namba, basi.

Kutoa damu kwenyewe ni dakika mbili. Tunafunga mpira juu ya kiwiko, sindano inaingia mara moja, na tunachukua kama kijiko kimoja cha chai kwenye tyubu yenye kifuniko cha njano au chekundu. Angalia jina na umri wako vinaandikwa kwenye tyubu mbele yako, kabla hujanyanyuka. Hili halihusu PSA peke yake, lakini kwa kipimo kinachoweza kubadilisha usingizi wa mtu nalisisitiza.

Ukiondoka, tyubu inaachwa kama nusu saa damu igande, kisha inawekwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi. Ikitoka, chembe nyekundu zimekaa chini na juu yake kuna majimaji ya rangi ya mafuta ya alizeti. Hayo ndiyo yanayoingia kwenye mashine ya kupimia. Kama sampuli inapelekwa mji mwingine, inatakiwa itenganishwe kwanza na isafiri kwenye baridi, kwa hiyo usishangae ukiambiwa majibu ni kesho kutwa.

Hatua ya 5: Soma karatasi yako

Karatasi itakuwa na kitu kama hiki: PSA jumla 6.2, ng/mL, kiwango 0 hadi 4.0, na H. Ng/mL ni nanogramu kwa kila mililita ya majimaji yale. H maana yake ni juu ya kiwango kilichowekwa kwenye mashine. Mashine haijui umri wako, haijui una tezi kubwa kiasi gani, na haijui jana ulifanya nini.

Namba 4 imezoeleka kwa sababu ndiyo iliyotumika katika tafiti zilizofanya Marekani iidhinishe PSA kusaidia kutafuta saratani mwaka 1994. Kabla ya hapo, tangu 1986, ilitumika kuwafuatilia waliokwisha kugundulika. Si mpaka wa ukuta. Tezi hukua kadiri umri unavyokwenda, hivyo madaktari wengi huangalia hivi: mwenye umri wa miaka 40 hadi 49, wasiwasi uanze kwenye 2.5; 50 hadi 59, kwenye 3.5; 60 hadi 69, kwenye 4.5; 70 hadi 79, kwenye 6.5. Viwango hivi chimbuko lake ni utafiti wa wanaume wa wilaya moja ya Minnesota huko Marekani, karibu wote Wazungu, basi vichukulie kama mwongozo wa kuanzia mazungumzo. Jambo la maana ni hili: mtu wa miaka 47 mwenye 3.4 hatapata H, na bado anastahili kuangaliwa.

Kuhusu uwezekano wa saratani, hesabu zinazotumika sana ni hizi. Kati ya 4 na 10, takriban mmoja kati ya wanne hukutwa nayo akichukuliwa kinyama. Juu ya 10, zaidi ya nusu. Namba ikifika 100 na kuendelea, mara nyingi ugonjwa umeshatoka kwenye tezi. Na chini ya 4 hakuna kinga: katika utafiti mmoja wa Marekani uliowachukua kinyama hata wenye namba ndogo, kama 15 kati ya 100 walikutwa na saratani, ingawa nyingi zilikuwa za aina ya polepole.

Rudia kuisoma ile 6.2. Watatu kati ya wanne wenye namba ya namna hiyo hawana saratani. Na mmoja anayo. Zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja, na kwa hiyo hatua inayofuata haitakiwi kuachwa wala kukimbiliwa.

Hatua ya 6: Namba ikiwa juu, pima tena kwanza

PSA hupanda na kushuka yenyewe kwa mtu yule yule, hata kwa sehemu ya tano ya namba, bila sababu yoyote ya kuonekana. Mtu aliyepata 4.3 leo anaweza kupata 3.7 baada ya mwezi. Ndiyo maana miongozo inasema mtu aliyepanda kwa mara ya kwanza apimwe damu tena kabla ya kufikiriwa kuchukuliwa kinyama. Robo yao au zaidi hukuta namba imerudi kwenye kawaida.

Rudia baada ya wiki 4 hadi 8, ukiwa umejiandaa kama nilivyoeleza. Rudia maabara ile ile. Mashine za makampuni tofauti hupangwa kwa vipimo tofauti, na tofauti kati yao inaweza kufika asilimia 20. Ukipima Tanga mwezi huu na Dar es Salaam mwezi ujao, huwezi kujua kama iliyobadilika ni tezi au mashine.

Katika muda huo pima na mkojo. Kukiwa na maambukizi yatibiwe. Lakini usikubali kupewa antibayotiki kwa ajili ya kushusha namba tu wakati mkojo ni safi na huna dalili. Naliona sana hili, na linanisikitisha: dawa inatumika bure, wadudu wanazidi kuwa sugu, na miezi inapotea.

Hatua ya 7: Ikibaki juu, nenda kwa bingwa wa njia ya mkojo

Usirudi kwangu mara ya tatu na ya nne ukitafuta namba nzuri zaidi. Beba majibu yote mawili uende kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Tanzania wapo hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza, na saratani ikithibitishwa Ocean Road ndiyo taasisi ya taifa. Kenya kuna Kenyatta jijini Nairobi na Moi kule Eldoret. Uganda kuna Taasisi ya Saratani pale Mulago. Kliniki za bingwa huwa na siku zake, ulizia kabla ya kupanda basi.

Mambo anayoweza kuyafanya ni haya, na inasaidia ukiyajua mapema.

Anaweza kuomba PSA huru kutoka kwenye damu ile ile. Sehemu ya PSA huelea peke yake na sehemu hushikamana na protini nyingine. Kwa wenye namba kati ya 4 na 10, sehemu huru ikiwa zaidi ya asilimia 25 uwezekano wa saratani ni mdogo. Ikiwa chini ya asilimia 10, ni mkubwa.

Atapima ukubwa wa tezi kwa altrasaundi, na hapa kuna hesabu ndogo unayoweza kuifanya mwenyewe kwa simu. Gawanya PSA kwa ukubwa wa tezi. Wazee wawili wana PSA 6. Wa kwanza tezi yake ni mililita 60: sita kwa sitini ni 0.10. Wa pili ni mililita 25: sita kwa ishirini na tano ni 0.24. Mstari unaotumika ni 0.15. Tezi kubwa ya yule wa kwanza inatosha kuieleza namba yake. Ya pili ni ndogo mno kuvujisha kiasi hicho bila sababu nyingine, na huyo ndiye wa kuharakishwa. Karatasi zao za maabara zilifanana herufi kwa herufi.

Atapima kwa kidole. Najua. Niseme wazi ninavyolijua jambo hili: haifiki dakika moja, unalala ubavu, daktari anavaa glavu yenye mafuta, na anachotafuta ni ugumu au uvimbe upande ule wa nje niliousema. Hakuna linalobadilika kwa uanaume wako. Siku hizi wataalamu wengi huanza na damu kwa mtu asiye na dalili, kwa hiyo hofu ya kidole isimzuie mtu kuja kutoa damu. Ila namba ikibaki juu, mruhusu daktari afanye kazi yake yote.

Penye mashine ya MRI, picha hiyo kabla ya kuchukua kinyama inasaidia sana: wengine hukutwa hawana cha kuchukuliwa, na wengine sindano inaelekezwa mahali penyewe. Pasipo nayo, au gharama ikizidi, huchukuliwa vinyama 10 hadi 12 sehemu mbalimbali za tezi chini ya altrasaundi, kwa ganzi. Uliza kuhusu kinga ya maambukizi, na mwambie daktari kama unameza aspirini au dawa ya kuyeyusha damu. Ukipata homa au kutetemeka baada ya hapo, rudi hospitali usiku huo huo.

Saratani ikipatikana, swali la kwanza la kumuuliza daktari ni daraja lake, lile linaloitwa Gleason. Sita ni ya polepole. Nane hadi kumi ni kali. Kwa ya polepole iliyobaki ndani ya tezi, kufuatiliwa kwa karibu bila kukatwa ni tiba inayokubalika. Utafiti wa Uingereza uliowafuatilia kwa miaka 15 wanaume ambao saratani yao ilikuwa bado ndani ya tezi, wengine wakipasuliwa, wengine wakipigwa mionzi, wengine wakifuatiliwa tu, ulikuta katika makundi yote matatu waliokufa kwa saratani hiyo ni kama 2 hadi 3 kati ya 100. Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini aligundulika mwaka 1997, akaueleza ugonjwa wake hadharani, na akafariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90.

Hatua ya 8: Namba ikiwa chini, panga siku ya kurudi

Usinunue kipimo kila baada ya miezi mitatu kwa wasiwasi. Kwa miongozo ya Ulaya, aliye chini ya 1 akiwa na miaka 40, au chini ya 2 akiwa na miaka 60, anaweza kukaa hata miaka 8 kabla ya kupima tena. Aliye juu ya hapo, kila miaka 2. Mwenye baba au kaka aliyeugua nisingemwacha apitishe miaka 2.

Usisubiri PSA katika hali hizi

Mkojo umegoma kabisa na tumbo la chini limevimba: nenda hospitali sasa, uwekewe mpira, kipimo kitafuata baadaye. Mgongo unauma usiku na mchana, na miguu inaanza kulegea au kufa ganzi: hiyo ni dharura ya saa, kwa sababu uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa. Damu kwenye mkojo: watu wa Pwani na Visiwani husema ni kichocho, na mara nyingine ndicho, lakini kwa mtu mzima inatakiwa kuchunguzwa hata kama PSA ni nzuri, maana inaweza kutoka kwenye kibofu au figo.

Weka daftari

Namba moja inasema kidogo. Namba tano za miaka sita zinasema mengi. Nunua daftari dogo la shule. Kila ukipima andika tarehe, jina la maabara, namba yenyewe, dawa ulizokuwa unameza, na kama ulikuwa na homa au UTI karibuni. Bandika karatasi ya majibu kwa gundi, kwa sababu wino wa karatasi nyingine hufutika ndani ya mwaka.

Yule mzee wa dirishani alipata 7.4. Tukarudia baada ya wiki saba, ikawa 7.1. Alikwenda kwa bingwa, akachukuliwa kinyama, ikakutwa saratani ya daraja la sita, na sasa ni mwaka wa tatu anafuatiliwa. Anakuja kila miezi sita, hakai tena mwisho wa foleni. Anatoa daftari lake mfukoni, ananiuliza jina la mashine tunayotumia na namna linavyoandikwa, ananakili polepole herufi kwa herufi, kisha anakunja mkono wa shati.